Nilivyozitafuta klasi zilizopotea kwenye faili la JAR

Ndani ya kihariri programu ilikuwa inaenda vizuri kabisa. Ilipofungashwa kuwa faili moja la JAR, yaani kifurushi cha programu ya Java, na kuwashwa kwa `java -jar`, ilizimika papo hapo na ujumbe wa `NoClassDefFoundError`. Wengi wetu tukikutana na ujumbe huo huongeza maktaba huku na kule mpaka kosa linyamaze. Mimi nilitaka kwanza kujua Java inazitafuta wapi klasi zake, yaani vipande vya msimbo vinavyounda programu, kwa kuwa programu hii ilikuwa inakwenda kwa watu ambao wakikwama hawana wa kumuuliza.

Jina la kosa lenyewe linasema mengi. `ClassNotFoundException` hutokea msimbo unapoiomba klasi kwa jina lililoandikwa kama maandishi tu, kwa mfano kupitia `Class.forName`, na klasi hiyo isipatikane. `NoClassDefFoundError` kwa kawaida huja pale klasi ilipokuwepo wakati wa kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa klasi zinazoweza kuendeshwa, lakini haionekani wakati wa kuendesha. Langu lilikuwa hili la pili, kwa hiyo sikuugusa msimbo. Niligeukia ufungashaji.

Faili la JAR ni ZIP ya kawaida yenye folda ya `META-INF`, na ndani ya folda hiyo kuna manifesti, faili dogo la maelezo ya kifurushi. Amri ya `jar tf` ilinionyesha kilichomo: klasi zetu zilikuwepo, na maktaba zote zilikuwepo pia, ila zikiwa JAR nzima nzima ndani ya folda ya `lib`. Hapo ndipo penye kikwazo. Kipakiaji cha kawaida cha klasi, yaani sehemu ya Java inayozisoma klasi, hakifungui JAR iliyo ndani ya JAR nyingine. Spring Boot, mfumo wa kujengea programu za Java, huweza, kwa sababu hubeba kipakiaji chake chenyewe. Na kuongeza `-cp`, yaani orodha ya mahali pa kutafutia klasi, kwenye amri hakusaidii kitu, maana ukitumia `-jar`, Java huipuuza `-cp` pamoja na kigezo cha mazingira cha `CLASSPATH`.

Nikazitoa maktaba nje, nikaweka folda ya `lib` kando ya JAR kuu, kisha nikaziorodhesha kwenye manifesti chini ya `Class-Path`. Sehemu hii inataka umakini kuliko inavyoonekana. Majina hutenganishwa kwa nafasi, si kwa nukta mbili wala nukta mkato. Njia huhesabiwa kuanzia pale JAR ilipo, si folda uliyosimama unapotoa amri. Alama ya nyota haifanyi kazi humo. Mstari hauruhusiwi kuzidi baiti 72. Ukizidi, unaendelea mstari wa chini ukianza na nafasi moja. Ndiyo maana sipendi kuiandika manifesti kwa mkono, ni afadhali kuiachia Maven au Gradle, zana za kujenga na kufungasha programu.

Programu ikawaka, kisha ikasimama katikati ya kazi na `NoSuchMethodError`, yaani mbinu iliyoitwa haikuwemo kwenye klasi. Sasa klasi ilikuwa imepatikana, lakini siyo toleo lililotakiwa. Niliiendesha upya kwa `-verbose:class`, ambayo huchapa kila klasi inayopakiwa pamoja na faili ilikotoka. Jibu lilikuwa pale pale: maktaba moja ilikuwa imebeba nakala ya zamani ya klasi za maktaba nyingine, nayo ilitangulia kwenye orodha. Java huchukua ya kwanza inayoikuta, haiendelei kutafuta iliyo bora. Nilipandisha toleo la maktaba hiyo mpaka lile lisilobeba nakala, badala ya kubadilisha mpangilio tu, kwa sababu mpangilio unaweza kuvurugwa na mtu mwingine kesho.

Watumiaji walitaka faili moja, kwa hiyo ilibidi kuunganisha: kuzifungua JAR zote na kuzifungasha upya pamoja. Nashauri hatua hii ifanyike baada ya kusafisha nakala kama nilivyoeleza, kwa kuwa baada ya kuunganisha `-verbose:class` itataja faili lile lile moja kwa kila klasi, na ushahidi wa ilikotoka hupotea.

Kuunganisha kulileta jambo jipya. Tulitumia hifadhidata mbili, PostgreSQL na SQLite, na draiva ya kila moja, yaani maktaba inayoiunganisha programu na hifadhidata, hujitambulisha kupitia faili lenye jina lile lile: `META-INF/services/java.sql.Driver`. Zikiunganishwa hivi hivi, faili moja hulifuta jingine. Klasi za draiva zote mbili zilikuwemo, lakini moja haikuwa na wa kuitaja, na Java ikadai haina draiva inayofaa. Programu-jalizi ya Shade ya Maven ina kigeuzi kiitwacho `ServicesResourceTransformer` kinachounganisha yaliyomo kwenye mafaili hayo. Katika mpangilio huo huo niliondoa pia mafaili ya saini za kidijitali yenye viambishi `.SF`, `.DSA` na `.RSA`, kwani saini ya maktaba ya zamani haiwezi kulingana na kifurushi kipya, na Java hukataa kukiendesha.

Lililobaki lilikuwa toleo la Java. Mimi nilikompaili kwa Java 21, ambayo klasi zake hubeba namba ya toleo 65, wakati baadhi ya kompyuta zilikuwa na Java 17, inayokubali hadi 61. Kukompaili kwa `--release 17` kulimaliza hilo. Faili moja ndilo linalokwenda kwa watumiaji sasa, ingawa kwenye seva ninazozisimamia mwenyewe bado naweka folda ya `lib` kando, kwa sababu kubadilisha maktaba moja pale ni kunakili faili moja na kuwasha upya.