Kikohozi Kwenye Kinasa Sauti

Mtoto wa kaka yangu yuko Chuo Kikuu kishiriki cha Mkwawa, Iringa. Juzi usiku kanipigia: "Shikamoo shangazi. Hivi hadithi nayo ni utafiti?" Wenzake wa kemia wameshajaza fomu za mada, yeye anataka kukusanya masimulizi na kutunga, na kuna mtu kamwambia huko ni kupoteza muda. Nikamwambia nitampigia kesho. Jibu sikuwa nalo. Kilichonijia ni mvua ya Rungwe, kule Mbeya.

Tulikuwa watatu tumechangia mafuta ya pikapu, kila mmoja na chuo chake. Mimi na makohozi yangu, maana kazi yangu ni kupima kifua kikuu. Bwana Udongo wa kilimo. Na Dada Hadithi, aliyekuwa akifuatilia masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa ili atunge riwaya fupi, kisha aandike maelezo ya kitaaluma juu yake. Barua zetu tatu zilipita meza ileile ya mtendaji wa kata. Fomu zote zilikuwa na nafasi ya "aina ya sampuli". Mimi niliandika makohozi, mwenzangu udongo. Dada akafikiri kidogo, akaandika "wazee". Mtendaji akagonga muhuri bila kuinua macho.

Asubuhi ilikuwa ya Bwana Udongo. Alitembea zigizagi shambani kwa mzee mmoja mwenye viazi, akichimba sentimita 20 kwenda chini, sehemu kumi na tano mpaka ishirini kwa shamba moja. Alikwepa kichuguu, kivuli cha mti, na pale palipowahi kuwekwa magunia ya mbolea, maana kijiko kimoja cha hapo kinaharibu picha ya shamba zima. Ndoo yake ilikuwa ya plastiki. Ya bati ina zinki, na zinki hiyo itatokea kwenye majibu kana kwamba ni ya shamba. Alichanganya, akagawa fungu mafungu manne, akatupa mawili ya pembe mkabala, akarudia mpaka ikabaki kama nusu kilo. Mzee alifuata nyuma akiuliza kwa nini mbolea ya kupandia haionekani kazi yake. Akaambiwa udongo wa volkano una tabia ya kuishika fosforasi isifike kwenye mizizi. "Kumbe mchoyo," mzee akasema, na tukaendelea.

Zamu yangu ilipofika, mbingu zikafunguka. Huku hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nadhani sehemu kubwa ya mwaka ule ilishuka mchana huo. Kwa kazi yangu hilo ni tatizo. Makohozi hayatolewi ndani ya nyumba penye watu. Mtu hutoka nje, penye hewa inayopita, mbali na wengine. Husukutua kwa maji, huvuta pumzi ndefu mara mbili na kuishikilia, ya tatu anakohoa kutoka kifuani. Nahitaji mililita tatu hadi tano zilizo nzito. Watu wengi hutema mate kwa aibu ya kukohoa mbele ya mgeni, na mate hayaniambii kitu: hadubini inahitaji vimelea elfu tano hivi au zaidi kwa kila mililita ndipo ianze kuviona. Mzee alikuwa kwenye orodha yangu kwa sababu ya mtu aliyekuwa akiishi naye. Kikopo kina namba, boksi la barafu liko tayari kati ya nyuzi 2 na 8, na nje hapatokeki.

Basi tukakaa jikoni kwake kusubiri, na Dada Hadithi akawasha kinasa sauti.

Alijua mvua juu ya mabati itaimeza sauti ya mzee, akakiweka kinasa ndani ya kikapu chenye blanketi, karibu na goti la mzee. Alijua pia kwamba mzee akiachwa aongee na mashine peke yake, hadithi itasinyaa iwe taarifa ya dakika mbili. Akawaita wajukuu. Ndiyo mbinu yake yote, na sijaona dodoso lililonifanyia kazi vizuri hivyo. Wajukuu wakaitikia, wakabisha, wakadai kipande kilichorukwa. Mzee akaanza kuongeza mikono.

Alisimulia kipunji. Wawindaji wa Rungwe walimtaja nyani huyo miaka yote, na wageni wakamweka kundi moja na wanyama wa ngano, kwani misitu ya huku ina vyote viwili, wenye manyoya na wenye maneno tu. Watafiti waliofuata masimulizi hayo walimwona mwaka 2003. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, na mwaka 2006, baada ya mmoja kufa kwenye mtego shambani kwa mkulima na wataalamu kupata mwili wa kupima, akapewa jenasi yake, yaani kundi la kisayansi lililo juu ya spishi: Rungwecebus. Jenasi mpya ya nyani ilikuwa haijaonekana Afrika tangu 1923. Mzee hakuwa na habari na jenasi. Alikuwa anaeleza jinsi anavyoshuka kwenye mahindi, mkia juu, na mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba nilisoma midomo yake zaidi ya kumsikia. Katikati ya sentensi alikuwa akikatika, kifua kinaruka, watoto wanaangua kicheko, anaendelea. Nikaandika kwenye daftari langu: kikohozi, aulizwe ni wiki ngapi.

Mvua ilipopungua mzee alitoka nje, akasimama chini ya mgomba, akanipa nilichohitaji. Majibu yake ni yake.

Ugomvi ulianza wiki zilizofuata, Dada alipokuwa ananukuu. Kila mzee alipokatika, aliandika kwenye mabano: anakohoa. Nikamwambia atoe. Mzee aliridhia sauti yake itumike kwa hadithi. Afya yake aliridhia kwangu, kwa karatasi nyingine na dole gumba jingine, na mtu wa kijiji kile akisoma atajua ni nani. Yeye akasema nukuu isiyo na pumzi ya msimulizi ni maiti. Bwana Udongo, aliyekuwa akianika sampuli zake kivulini kabla ya chekeche ya milimita mbili, alisema kila mtu ana chake, yeye kwenye mkanda ule anasikia mmomonyoko tu.

Dada akaamua kumrudishia mzee nukuu amsomee, jambo ambalo wa fani yake hulifanya na wa fani yangu hatulifanyi vya kutosha. Alipofika kwenye "anakohoa" ya kwanza mzee akamsimamisha.

"Hapo nakohoa lini? Huyo ni kipunji. Anabweka hivyo."

Akabweka. Mlio mzito, mfupi, wa kifuani. Wajukuu wakacheka palepale walipocheka mara ya kwanza.

"Na hii nyingine?"

Mzee akasikiliza, kichwa upande. "Hiyo ni yangu. Na ile ya pale mahindini. Nyingine zote za mnyama. Ndaga fijo, mwanangu, endelea." Yaani asante sana, kwa Kinyakyusa.

Akaendelea, akifuta na kubakiza, huku akiandika pembeni dakika na sekunde ya kila moja. Zile mbili alinitumia kwa simu, akauliza kama sasa aziache au azitoe. Tulibishana tena.