Na zisipogonga?

Tangu Jumanne swali la yule mzee wa Dunga, ufuko wa wavuvi hapa Kisumu, limenikaa kichwani. Wiki yenyewe ilijaa: wakwe wa Akinyi walikuja na mahari yakakubaliwa, nami hatimaye nimetolewa zamu ya usiku. Lakini hata nikiosha vyombo, ninachosikia ni yeye.

Mvuvi, bega limeteguka. Vidole vimejaa makovu ya nyuzi za nyavu, kofia ameilaza gotini. Namwambia avute pumzi ashikilie nimpige eksirei, yeye ananiuliza:

"Daktari, huu mwanga unatoka wapi?"

"Kwa elektroni, mzee, vijichembe vya umeme. Zinarushwa kwa kasi humu ndani, zinagonga chuma kinachoitwa tungsteni. Nguvu yake karibu yote inaishia kuwa joto. Asilimia 1 hivi ndiyo inatoka kama eksirei."

Akanyamaza kidogo. "Na zisipogonga, nyathina, mwanangu?"

Mwanawe alikuwa ameshafungua mlango, foleni imefika koridoni. Wakaondoka.

Na zisipogonga! Wanafunzi wangapi wamepita kwangu na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Zisipogonga kitu, mzee wangu, mwanga bado waweza kutoka. Kule SLAC, maabara ya fizikia California, tangu 2009, elektroni zinazokimbia karibu sawa na mwanga hupitishwa katikati ya sumaku zilizopangwa kwa kupokezana, kaskazini, kusini, kaskazini, kwa zaidi ya mita 100. Zinayumbishwa huku na huku, na kila zikipinda zinatoa eksirei. Mwanzoni kila moja hutoa kivyake. Kisha mwanga ule ule unazisukuma zijikusanye mafungu mafungu, zote zinaanza kutoa kwa mpigo mmoja, kama wapiga kasia walioshika wimbo. Hapo inakuwa leza ya eksirei, na mmweko wake ni mfupi kiasi cha kunasa atomu zikiwa bado zinasogea.

Kinachonifurahisha zaidi ni wanachotazama nayo wanasayansi. Mwaka 2022 walichukua plastiki ya aina ya chupa za soda, hizi hizi zinazoelea pale Dunga, wakaipiga kwa leza nyingine yenye nguvu. Kwa kufumba na kufumbua ikapata mgandamizo wa karibu mara milioni ya ule wa hewa tunayovuta, kwa joto la maelfu ya nyuzi, hali inayofanana na ya ndani ya sayari ya Neptuni. Eksirei zikapita papo hapo zikaonyesha almasi ndogo mno zikijiunda. Almasi, kutoka kwa chupa!

Nilimwekea maneno haya yote. Alikuwa arudi Ijumaa tulitazame bega. Nilichungulia foleni asubuhi, nikachungulia tena saa nane. Hakuja. Nahisi amesharudi majini, na bega lile halijawa tayari kuvuta wavu. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Na sasa mvua imenyesha milima ya Nandi usiku kucha. Mama yuko Ahero, mto Nyando ukijaa maji hayachelewi kufika uani, na simu yake tangu asubuhi haipatikani.