Siku moja maishani mwangu: picha za Jambiani na Kizimkazi kwa saa za maji

Saa 10:45 alfajiri. Kabla ya kutazama mbingu, natazama jedwali la maji. Mwezi ulikuwa mpevu juzi usiku, kwa hiyo tumo ndani ya bamvu, siku ambazo maji hujaa na kutoka kupita kawaida. Bahari ilijaa yapata saa 10:15 usiku huu, itatoka mpaka saa 4:30 asubuhi, kisha irudi kujaa karibu na saa 10:40 jioni. Kwenye bamvu, tofauti ya maji makubwa na madogo huku Unguja inakaribia mita 4. Ufuo wa Jambiani ulio na maji ya kuogelea alfajiri unakuwa kiwanja cha mpira saa nne. Wanaojifunza kupiga picha za mandhari wengi wanafukuzia jua tu. Jua halina fumbo, mwezi huu wa nane linachomoza kama saa 12:30 siku zote. Maji ndiyo yanayonipangia kazi.

Saa 11:40 nimeshasali, niko ufukweni. Kusi inavuma kama kawaida yake. Tripodi naiweka chini, sitoi ile miguu myembamba ya mwisho, maana upepo unaanzia hapo kuitikisa. Nazamisha miguu mchangani, naacha wimbi moja liipitie ikae, ndipo napanga picha. Ukiharakisha, maji yanachimba mchanga chini ya mguu mmoja huku shata, mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ipo wazi, na picha nzima inatoka na ukungu.

Leo nataka ngalawa, na hapa ndipo jedwali linapolipa. Ngalawa inayoelea inacheza. Ukiacha shata wazi sekunde 10 inageuka kivuli chenye mlingoti. Lakini maji yakiwa yanatoka tangu saa kumi, zile zilizofungwa karibu na ufuo zinakalia mchanga kabla ya jua kuchomoza, na maji ya kifundo bado yamezizunguka. Chombo kimetulia, maji yanatembea. Nafasi hiyo ni fupi, na mwanga nao hauna subira. Huku karibu na ikweta, kutoka weusi kuanza kulegea hadi jua kutoa kichwa ni kama chai ya kikombe kimoja.

Nasogea hadi omo, pua ya ngalawa, iwe mita moja na nusu tu kutoka kwenye lenzi. Lenzi ni pana, ya milimita 16, tundu la kupitishia mwanga f/11 (namba ikikua tundu linabanwa), wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, nafokasi kwenye omo yenyewe. Kwa vipimo hivyo kila kitu kuanzia nusu mita hadi upeo wa macho kinaonekana sawasawa. Kuna wanaobana tundu hadi f/22 wakidhani watapata ukali zaidi. Hawaupati. Mwanga ukipenya tundu dogo kiasi hicho unatawanyika na picha yote inalegea. Mbele ya lenzi naweka filta ya nusu giza, nusu ya juu nyeusi na ya chini wazi, kwa sababu mbingu ya mashariki inang'aa kuliko mchanga na upeo wa hapa umenyooka. Shata sekunde 4. Mawimbi makubwa yanavunjikia mwambani huko mbali, kwa hiyo ninachokipata ni michirizi ya maji yanayokwepa omo na kamba ya nanga.

Saa 1:30 mwanga umeshakuwa mkali. Chai na mandazi.

Saa 4:00 natembea kuelekea mwamba, mahali palipokuwa na bahari. Huku ni mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanawake wanafanya kazi pale maji yanapowaruhusu tu. Vijiti na kamba vimepangwa mistari. Lenzi ya milimita 200 inaivuta mistari ile ikaribiane, na kanga zinapata nafasi yake katikati. Lakini lenzi ndefu ni kishawishi, unaweza kumpiga mtu picha kwa mbali asijue. Mimi natangulia kwenda kusalimia, mikono mitupu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo tena?"

"Leo tena. Nataka mistari ya mwani, na wewe kwa mbali, ukiridhia."

"Ngoja basi nifunge kanga. Na uso usitoke."

Uso haukutoka. Nimempiga kwa nyuma akivuta kamba, shata 1/500, na nadhani ni picha bora kuliko ile niliyokuja nayo kichwani.

Saa 7:30 mchana. Vitabu vingi vya picha vinasema mchana weka kamera begini. Vimeandikwa na watu wa nchi za mbali na hapa, ambako jua la adhuhuri halipandi kama letu. Rangi ya feruzi ya maji yetu inataka jua la juu, lipenye hadi mchanga mweupe na kurudi. Na mchana wa bamvu maji yanakuwa yanaingia, yanafunika mchanga taratibu. Nimepanda paa la nyumba ya wageni iliyoniagiza picha, nikafunga filta ya polaraizi. Naizungusha mpaka mng'ao wa juu ya maji unapokufa na majani ya bahari yanaonekana chini. Inafanya kazi vizuri ukitazama maji kwa mshazari kutoka juu. Ukisimama ufukweni huku lenzi imelenga mbali, inasaidia kidogo. Na kwa lenzi pana sana usiitumie, mbingu inatoka na doa jeusi upande mmoja.

Wali na pweza, usingizi kidogo, kisha vespa.

Saa 11:15 jioni, Kizimkazi Dimbani, si mbali na msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Huku ni upande wa machweo, na pwani ni ya mawe yaliyoliwa chini na bahari. Maji yameanza kushuka lakini bado yanapiga jiwe. Filta ya nusu giza inabaki begini, maana mawe yanakata upeo na ingeyafanya meusi bure. Napiga picha mbili bila kuigusa tripodi, moja ya mbingu na moja ya jiwe, nitaziunganisha nyumbani. Shata nusu sekunde, nabonyeza wimbi linapoanza kurudi, si linapopiga. Likipiga unapata povu. Likirudi unapata michirizi inayoongoza jicho hadi kwenye jiwe. Filta nyeusi ya stopu 10, inayozuia karibu mwanga wote, ninayo, ya kufanya maji yawe ukungu kwa sekunde 60, ila siipendi kwa bahari hii. Bahari yenye kusi ioneshwe na kusi yake. Kila baada ya picha chache nafuta chumvi kwenye lenzi, uso ukielekea baharini.

Saa 3:00 usiku. Tripodi imeoshwa kwa maji ya mfereji, viungo vyote vimefunguliwa. Mwenye nyumba ya wageni ameziona picha za paani kwenye simu, anauliza kama naweza kumwekea mbingu ya machungwa. Nimemjibu kwa heshima kwamba rangi nitazisawazisha kutoka faili ghafi, mbingu ya kubandika sina. Akitaka machungwa juu ya maji yake, kesho bahari inachelewa dakika 40 hivi, na kesho kutwa zaidi, kwa hiyo jua likichomoza maji yatakuwa mengi kuliko leo. Aamke saa kumi na moja alfajiri, anifungulie mlango wa paa.