Mikoma ya Turkwel, Baada ya Miaka 14

Ndege ilipoanza kushuka kuelekea Lodwar, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kitu cha kwanza nilichokitambua hakikuwa mji, ambao umetanuka hata ukanipotea, bali ule mstari wa kijani wa mto Turkwel uliokata nchi kavu, na juu yake vichwa vya mikoma.

Katika nchi niliyoishi kwa miaka 14, mitende ya mapambo ilipangwa kandokando ya barabara, kila mmoja shina moja lililonyooka kama nguzo, na nilipowaeleza wenzangu kwamba kwetu upo jamaa wa mtende ambaye shina lake hugawanyika panda mbili, kisha kila panda ikagawanyika tena, walidhani ninatia chumvi. Sikuwalaumu, maana wengi wa ukoo huo, mnazi ukiwemo, hawana panda. Mkoma ni miongoni mwa michache iliyokiuka kawaida.

Asubuhi iliyofuata niliteremka mtoni pamoja na shangazi, ambaye bado anasuka vikapu na huchagua majani machanga kabla hayajafunguka kama upepeo. Alinionya nisishike kikonyo cha jani ovyo, kwa kuwa kingo zake zina miiba myeusi iliyopinda kama ndoana, jambo ambalo vidole vyangu vilikuwa vimelisahau. Akanikumbusha pia kwamba mkoma dume hutoa maua tu, na kwamba tunda ni la mkoma jike: ganda la kahawia linalong'aa, nyama yenye nyuzi na utamu wa sukari guru, ambayo mtu huiguguna zaidi kuliko kuila, na ndani yake kokwa ngumu inayochongeka kama pembe ya tembo.

Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho hakiwezi kuukuza mti wa namna hii. Mkoma hutegemea maji yaliyo chini ya mchanga, ndiyo maana hufuata mto na malaga, yaani mikondo ya mito ya msimu, na penye mikoma mingi wazee huchimba kisima bila kusitasita.

Lililonihuzunisha ni mathenge, mti wa miiba uliotoka Amerika, ambao sasa umejisonga kati ya mikoma michanga na kunywa maji yale yale. Shangazi alikata vichipukizi vyake viwili kwa panga, akanikabidhi panga hilo, nami nikaendelea kukata hadi jua lilipotufukuza.