Nilivyowakaribisha watoto wa kaka yangu Tanga, mji "usio na pa kwenda"

Wifi yangu anakaa Dar, na kwake yeye Tanga ni mji wa kupita ukielekea Mombasa. Kaka alipoamua watoto waje kwangu likizo ya Desemba, wifi alinipigia simu kunionya kwa ule upole wake unaoudhi. "Wifi, siku ya pili tu watakuwa wameshachoka. Huko mna nini? Machungwa na baiskeli." Akamalizia na ule msemo wa waja leo waondoka leo, akacheka mwenyewe. Nami nikacheka, lakini moyoni nikasema, haya, tutaona.

Hapa Ngamiani ushauri hauna bei, unamwagwa barazani bure. Mmoja alisema niwapeleke Mombasa. Mwingine akasema niwanunulie bando wakae na simu zao, watoto wa siku hizi hawataki zaidi ya hapo. Wa tatu, fundi seremala anayejua kila kitu isipokuwa kumaliza kabati langu, akasema niwapeleke kisiwa cha Toten, kipo hapo hapo mbele ya bandari. "Ondokeni saa mbili asubuhi bahari ikiwa shwari, saa nne mmesharudi mnakunywa chai." Alivyosema kwa uhakika ungedhani amezaliwa ndani ya ngalawa.

Basi nikaanza na Toten. Kwanza nilipitia pale Urithi, makumbusho yaliyo kwenye boma la zamani la Wajerumani, kuulizia utaratibu, halafu tukashuka Deep Sea kwenye mwalo wa samaki kutafuta chombo. Kijana mmoja mwenye boti alikubali kwa bei ya kuongea. Kwenda tulikwenda vizuri sana. Kisiwani kuna magofu ya misikiti na makaburi, vichaka vimeota mpaka juu ya kuta, na yule mdogo wa darasa la tatu alinishika mkono muda wote akidai eti ananilinda mimi. Tukazunguka, tukapiga picha, nikamsifu fundi seremala kimoyomoyo.

Saa nne kurudi ufukweni, bahari hakuna! Boti imelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba, mbele yake tope tupu na mizizi ya mikoko. Kijana wa boti naye kalala kivulini, kofia usoni. Nikamwuliza mbona hakutuambia. Akajibu bila kufumbua macho, "Mama, nilidhani mnajua. Jana si ilikuwa mwezi mpevu?" Mkubwa wa kidato cha pili akajitia mwanaume, akavua viatu akasema ataisukuma. Hatua chache tope likafika magotini, kiatu kimoja alichokuwa amekishika kikaanguka, kikazama, hakikuonekana tena. Dada yake alicheka mpaka akakaa chini. Chakula tulichokuwa nacho ni chupa moja ya maji na machungwa (ndiyo wifi, machungwa, na ndiyo yaliyotuokoa). Tuliondoka pale saa saba jua likiwa utosini, nikiwa nimeshatunga hotuba nzima ya kumpa fundi.

Tuliporudi Deep Sea, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alituona tulivyojaa tope, akatusikitikia kwa kicheko. Watoto wakampa shikamoo, akawakalisha, na somo alilowapa ndilo lililoniokolea likizo nzima. Akasema huhitaji simu wala jedwali, shika tarehe ya mwezi wa Kiislamu tu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu tarehe kumi na tano hivi, ndiyo bamvua, bahari inapanda sana na kushuka sana: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku unasogeza mbele kiasi cha dakika hamsini. Ukifika tarehe nane au ishirini na mbili mambo yamegeuka, maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, na ndiyo maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mimi nimezaliwa Tanga, kalenda ya msikitini imening'inia ukutani kwangu miaka yote naitazama kwa ajili ya Ramadhani na Maulidi tu!

Kuanzia hapo nikawa nahodha. Kesho yake nikawatangazia kwa sauti ya mamlaka kwamba bahari itajaa saa kumi na moja kasoro jioni, twendeni Raskazone tukaogelee. Tulipofika maji yanapanda taratibu kama nilivyosema. Yule wa kike akaniangalia kama mganga. Kiingilio cha klabu ya kuogelea ni pesa ya soda mbili tatu. Ukienda na watoto wasiojua kuogelea, zingoje tarehe za maji mafu uende asubuhi, bahari inakuwa na adabu.

Mkubwa hakutaka kuingia majini, alikaa na simu. Nikamwambia hapo alipokaa ndipo Waingereza walipowashusha askari wao kutoka India, Novemba 1914. Walikuwa kama elfu nane, Wajerumani na askari wao wa Kiafrika kama elfu moja, na waliokimbia ni wale elfu nane. Tena kati ya mapigano nyuki waliochokozwa kwenye mizinga wakatoka wakawang'ata watu. Simu ikashuka. "Shangazi, unatania." Nikamwambia atafute mwenyewe. Akatafuta, na jioni ile hakuzungumza kingine ila nyuki.

Baiskeli sasa. Wifi aliitaja kwa dharau, lakini mji wetu ni tambarare, ukikanyaga mara moja unateleza mpaka mtaa wa pili. Kukodi ni bei ya karanga, ila mkague breki nyinyi wenyewe, mwenye baiskeli atakwambia nzima hata kama haina. Mimi nina Phoenix yangu ya siku nyingi. Nilipofunga pindo la baibui na kupanda, watoto wale watatu walisimama midomo wazi, shangazi yao mnene anawaacha Barabara ya Nane! Nilipiga kengele bila sababu yoyote mpaka bustani ya Jamhuri, tukakaa tukitazama bandari, tukala mihogo ya kukaanga.

Mapango ya Amboni msiende kwa baiskeli na watoto. Ni kama kilomita nane tu, lakini barabara ile ya Horohoro ina malori yasiyo na huruma. Chukua bajaji, mpatane kwenda na kurudi. Mtanzania analipa kidogo sana akilinganishwa na mgeni wa nje. Mwongozaji anamulika tochi kwenye miamba ya chokaa anakuonyesha tembo, mamba, mlima Kilimanjaro, na kweli unaviona, sijui ni macho au ni maneno yake. Anasimulia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha humo miaka ya hamsini wakisakwa na serikali ya mkoloni, na za mbwa aliyepotelea pangoni akaonekana karibu na Kilimanjaro. Za mbwa mtajua wenyewe. Kuna mahali pa kupita kwa kutambaa. Watoto walipita kama mijusi, mimi nikakwama kiunoni, mmoja akinivuta mkono na mwongozaji akinitia moyo kwa nyuma, popo juu wanashangilia. Msivae nguo mnazozipenda. Chemchemi ya maji ya kiberiti ya Galanos nayo iko upande huo huo, inanuka yai bovu, lakini watu wenye magonjwa ya ngozi wanaifuata.

Mkwakwani tulikwenda siku Coastal Union wanacheza. Mkubwa ni Simba wa damu, akaanza kuuliza kama huu nao ni uwanja. Jirani yake jukwaani, mzee wa Wagosi wa Kaya, yaani Coastal wenyewe, akamjibu kwamba Simba wake walibeba Ngao ya Jamii hapa hapa, Agosti 2023, wakaitoa Yanga kwa penalti, na kwamba Coastal walishakuwa mabingwa wa nchi 1988 kabla baba yake hajaota ndevu. Kijana akanyamaza, akanunua karanga, kipindi cha pili alikuwa anaimba na jukwaa zima.

Muziki ndio ulinipa kazi. Nilitaka kuwaeleza habari za taarabu ya Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star, Shakila binti Saidi aliyeimba huku kabla ya kuhamia Dar, lakini mkubwa alikuwa ameshasikia kuna ngoma ya kukata viuno inaitwa baikoko. Nikamwambia hiyo itasubiri mpaka aoe.

Tulimalizia na Tongoni, kama kilomita ishirini kusini, unapanda magari ya Pangani. Ni magofu ya msikiti na makaburi yapata arobaini, mengine yenye nguzo ndefu, na utulivu wa ajabu. Nilikuwa nimewawekea kisa cha mwisho: merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye fungu jirani na hapo Aprili 1498, ikangoja maji yajae ndipo ikaelea, na mwaka uliofuata wakaichoma moto maeneo hayo hayo. Mdogo akauliza kama na yeye alishauriwa na fundi seremala.

Walipofika Dar wifi alipiga simu. Hakuuliza kama walichoka. Aliuliza kiatu kimeenda wapi, na lile kovu la goti la mtoto wa kike ni la pangoni au la baiskeli. Nikamwambia la pangoni ni langu.