Vile nilirudisha maji ya moteri kwenye njia yake, sasa pikapu inapanda mlima wa Ngomo na mzigo

Huku Bukavu gari ikianza kuchemka, mafundi wengi kitu cha kwanza ni kutoa termostati, ile vali ya kufungulia maji njia ya kwenda kupoa moteri ikipata moto, na kuitupa, halafu wanakuambia sasa maji inatembea huru, enda. Pikapu yangu niliinunua termostati ikiwa tayari imetolewa, duriti (mipira ya maji) za hita zimekatwa na kuzibwa na bulo (bolti), na mfuniko wa radiatere (rejeta ya kupoza maji) ni ule wa sokoni hauna hata namba juu. Ni dizeli ya silinda 4, haina turbo, moteri nzuri sana, mjini haina neno, unatoka Panzi unafika Bagira sindano imetulia katikati. Lakini kazi yangu mimi ni kuteremka Uvira kuchukua ndagala, na mchele wa Sange kwa kurudi, na ukirudi na mzigo unatoka kwenye joto yote ya uwanda wa Ruzizi, ukiacha tu Kamanyola unaanza kupanda Ngomo, gia ya pili, mwendo wa mutu wa mguu, upepo haupiti kwenye radiatere, kona juu ya kona. Pale njo unajua gari yako ni ya namna gani. Yangu ilikuwa inachemka kila mara na mzigo, na bila mzigo haichemki, na radiatere ilikuwa imesafishwa. Hiyo njo ilinifanya nianze kujiuliza maji inapitaka wapi kweli.

Kabla ya kugusa kitu nilitafuta namna ya kupima, ju sindano ya dashibodi haikuambii kitu. Kwenye gari nyingi za Kijapani imetengenezwa ikae katikati hata joto ikicheza digri nyingi, na ikianza kusonga umeshachelewa. Nilinunua vipima-joto viwili vidogo vya umeme vyenye skrini, kimoja nikakibana chini ya bulo mbele ya kulasi (kichwa cha moteri) karibu na pale maji inatokea, kingine nyuma kabisa ya kulasi kwenye silinda ya 4. Kama uko na ile bastola ya kupima joto kwa mwanga inaweza kusaidia pia, ila usiipige juu ya aluminiamu yenye kung'aa, itakudanganya, paka kwanza kidoa cha rangi nyeusi isiyong'aa halafu upime pale.

Kwenye kupanda, mbele ilikuwa inaonyesha 94, nyuma 108. Gari moja, maji moja, tofauti ya digri 14! Sasa ukiangalia vile maji inatembea kwenye moteri utaelewa. Pompe iko mbele, inasukuma maji ndani ya bloku (mwili wa moteri wenye silinda), maji inaenda mpaka nyuma huku ikipanda kwenye kulasi kupitia matundu ya jwenti (gasketi ya kati yao), halafu inarudi mbele kwenye kulasi na kutoka kwenda radiatere. Wenye kutengeneza waliweka pia tundu nyuma ya kulasi, njo ile ya duriti ya hita, na kila mutu huku anaona ni ya kutia watu joto miguuni tu. Nilimuuliza muzee mmoja wa garaje, “Muzee, hii bulo ya nyuma iliwekwa kwa nini?” Akanijibu, “Mwanangu, hita Bukavu ya kazi gani? Inavujaka tu.” Ni kweli inavuja ikizeeka. Lakini kwa moteri kama yangu ile duriti inavuta maji ya moto nyuma kabisa, pale ambapo maji inachelewa, na ukiiziba maji ya silinda ya 4 inabaki inazubaa pale na kuokota joto.

Kwa hiyo nilitoa ile bulo, nikarudisha duriti mbili mpya na radiatere ndogo ya hita ya okazioni (iliyokwisha tumika), maji ikapita tena kutoka nyuma ya kulasi, ndani ya hita, kurudi kwenye mdomo wa pompe. Robine (koki) ya hita niliikaza na waya ikae wazi siku zote. Tofauti ya mbele na nyuma ilishuka mpaka 6 hivi. Hapo nilifurahi kweli, ju ni kazi ya masaa machache na hakuna kitu cha ajabu umenunua, na zaidi ya hayo ukiona joto inapanda mlimani unaweza kuwasha feni ya hita, unatoka jasho lakini ni radiatere ya pili inakusaidia.

Baadaye niliongeza kaduriti kembamba kutoka ile ile njia ya nyuma mpaka kwenye tanki ya juu ya radiatere, ili sehemu ya maji ya moto kabisa iende kupoa moja kwa moja. Hapa lazima uwe makini, ju hii njia inaruka termostati, maji inapita muda wote hata moteri ikiwa baridi, ukiweka duriti kubwa moteri haitapata joto yake asubuhi na moteri ya dizeli ikiwa baridi inakula mazutu (mafuta ya dizeli) na kutoa moshi. Nilimwambia fundi wa tour (mashine ya kukereza vyuma) anitengenezee kipande cha shaba chenye tundu la milimita 6, nikakiingiza ndani ya duriti na kukibana na kolie (klipu ya duriti).

Sasa termostati. Watu wanabishana sana juu yake, na mimi nasema wazi, kwenye moteri kama yangu kuitoa ni kuua moteri polepole. Ile termostati iko na vali mbili, ya juu inafungua njia ya radiatere, na ya chini, kale kasahani kadogo kwenye springi, inaziba njia fupi ambayo maji inarudia kwenye pompe bila kupita radiatere. Moteri ikipata moto vali ya juu inafunguka na ile ya chini inaziba, maji yote inalazimishwa kupita kwenye radiatere. Ukiitoa yote, njia fupi inabaki wazi, na maji kama maji inapenda njia yenye haina kazi. Sehemu kubwa inazunguka ndani ya moteri tu ikiwa ya moto. Mjini huoni kitu, kwenye Ngomo unaona. Angalia kwanza ya kwako kama iko na kale kasahani ka chini, kama haina basi mambo ya njia fupi ni tofauti kwako.

Lakini kwa nini mafundi wanaichukia hivyo? Nilifikiri sana na nadhani kosa ni la mfuniko. Maji inachemka kwa 100 kule kwenye usawa wa bahari, sisi Bukavu tuko karibu metre 1500 juu, huku inachemka karibu na 95. Termostati yangu imeandikwa 82, maana yake inaanza kufunguka kwa 82, na inafunguka mzima kwa 95. Unaona? Kama mfuniko haushiki presha, maji inafika kuchemka wakati ule ule termostati inamaliza tu kufunguka. Fundi anaona mvuke, anasema termostati imeziba, anaitoa, na kumbe ilikuwa inafanya kazi yake. Nilinunua mfuniko wa kweli wenye kuandikwa 0.9 (ni presha kwa baa), hiyo presha inasukuma kuchemka mpaka zaidi ya 115 hata huku kwetu juu. Kwa bei yake hakuna kitu kingine kimesaidia gari hii vile.

Termostati mpya niliipima kwanza nyumbani, niliitundika kwenye sufuria na kamba isiguse chini, na kipima-joto pembeni. Huku kwetu sufuria ikichemka umefika karibu 95, hapo inapaswa kuwa imefunguka milimita 8 au zaidi, kama inabaki nusu usiiweke kwenye gari. Na wakati wa kuiweka, kale kapini kenye kucheza-cheza kanakaa juu kabisa, ndiko hewa inatokea.

Duriti ya chini ya radiatere pia niliibadilisha, ile ya zamani ilikuwa laini, moteri ikipiga mbio pompe inainyonya mpaka inajibana katikati na maji inapungua. Mpya iko na springi ndani. Gari ikisimama unaiona duriti nzima na huwezi kuishuku, kanyaga mafuta mutu mwingine akiwa anaangalia chini ya boneti, njo utaona.

Juu ya maji yenyewe, naomba wenzangu tuache kutia maji ya ziwa. Maji ya Kivu iko na madini mingi, na madini hiyo ikishika moto inaganda ndani ya vijitundu vya radiatere, na ukuta wa silinda ukishika hata kagamba kembamba joto haitoki tena vizuri. Mimi nachota maji ya mvua, Bukavu mvua si kitu cha kununua, nangoja inyeshe kwanza bati ioshwe, halafu nachuja kwenye kitambaa, kama hakuna natumia maji ya betri (ile maji safi, si asidi). Nachanganya na likidi ya radiatere karibu theluthi moja. Nusu kwa nusu ni ya nchi za kuganda, na ile likidi inabeba joto kidogo kuliko maji, lakini bila hiyo kabisa kutu inakula pompe na kulasi.

Kutoa hewa ni rahisi huku ju ya milima yetu: paki pua ya gari ikiangalia juu, mfuniko wazi moteri ikiwa bado baridi, robine ya hita wazi, washa, kamua-kamua duriti na mikono mpaka mapovu iishe, jaza, funga.

Kuna mutu aliniuliza kama nisingegeuza kabisa, maji ianzie kwenye kulasi halafu ishuke kwenye bloku. Hiyo iko, Chevrolet Corvette ya 1992 na moteri yake ya LT1 ilifanya hivyo. Lakini waliitengeneza hivyo toka mwanzo, pompe na njia zote. Jwenti ya moteri yangu matundu yake yamepimwa kwa maji yenye kupanda, sigusi.

Kwa sasa nikipanda na mzigo mbele inakaa 90, 92, nyuma haipiti 98, kwa gia ya pili na moteri ikizunguka 2300 hivi. Usiivute kwa gia ya tatu na mizunguko ya chini, pompe na feni zinategemea mizunguko. Na ikitokea imechemka usitie maji baridi moteri ikiwa moto, kulasi itapasuka, iache iwake bila mzigo ipoe kidogo kama maji bado iko ndani, mfuniko usiuguse.

Imebaki kava ya feni. Ya zamani imevunjika nusu, feni inazungusha hewa yake yenyewe badala ya kuvuta ile ya radiatere. Nimeshapima, mafundi wa bati wa Kadutu wananikatia mpya wiki hii, na nimewaambia mapanga ya feni yaingie nusu ndani ya kava na nusu ibaki nje.