Siku moja maishani mwa Spieß, sajini meja wa kombania ya Kijerumani, 1943

Katika jeshi la Ujerumani la Vita Kuu ya Pili, kila kombania ya askari wa miguu ilikuwa na Hauptfeldwebel mmoja. Askari walimwita Spieß. Huo ulikuwa wadhifa, si cheo. Mwenyewe kwa kawaida alikuwa na cheo cha Oberfeldwebel, yaani sajini wa ngazi ya juu. Ungemtambua kwa mistari miwili ya utepe wa rangi ya fedha iliyozunguka kila mkono wa koti lake, na kwa daftari lililochomekwa kifuani kati ya vifungo. Tumfuate upande wa Mashariki, katika vita dhidi ya Umoja wa Kisovyeti, majira ya baridi ya 1943. Kombania iko mahandakini. Yeye yuko kijijini kilomita chache nyuma, pamoja na jiko, farasi na magari ya kukokotwa.

Saa 11 alfajiri. Kahawa ya shayiri inachemka. Spieß yuko na karani, wanapitia karatasi zilizoletwa usiku kutoka kwenye platuni, vikosi vidogo vya kombania: nani amekufa, nani amejeruhiwa, nani ana homa.

Saa 1 asubuhi. Ripoti ya idadi inaandikwa, na hapa ndipo kazi yake ilipo hasa. Idadi zenyewe ni zaidi ya moja: wanaopaswa kulishwa, akiwemo mpishi na mtu wa mawasiliano aliyeazimwa, halafu wanaoweza kupigana, halafu waliomo handakini kweli. Mwaka 1939 kombania ilikuwa na watu wapatao 190; sasa tuseme wa kulishwa ni 80. Chakula hutolewa kwa hesabu iliyokwisha kupelekwa, kwa hiyo kombania ikipoteza watu 11 jioni, mikate yao bado inakuja. Waliobaki hula vizuri siku moja, na kila mmoja anajua kwa nini. Akisahau kuwaandika askari wapya waliofika mchana, mambo hugeuka: wapya wanakula kutoka kwenye sehemu za askari wa zamani, na ugomvi unaanza.

Saa 3. Waliokufa. Kila askari huvaa shingoni kibati cha umbo la yai chenye mstari wa matundu katikati. Akifa, nusu ya chini huvunjwa na kurudishwa. Nusu ya juu hubaki na maiti. Kosa la kawaida ni kuvunja na kuchukua zote mbili, na hapo kaburi likifukuliwa baadaye halina jina. Kuna tatizo jingine lisiloonekana upesi: namba ya kibatini ni ya kikosi kilichomtolea kibati hicho, mara nyingi kikosi cha mafunzo, si kombania anayopigania. Bila orodha ya namba na majina, inayosahihishwa kila mtu akihama na kupelekwa ofisi ya kumbukumbu, kibati ni bati tu. Saa, pete na barua za marehemu hufungwa na kuorodheshwa. Barua kwa familia hutiwa saini na kamanda. Spieß huhakikisha anwani ni sahihi.

Mchana ni wa farasi, fundi viatu na bunduki zilizoharibika. Tuupite.

Saa 9. Jiko la magurudumu linawashwa kwa kuni kavu, maana moshi huita mizinga. Jiko kubwa lina sufuria ya lita 200, yenye kuta mbili na gliserini katikati ili chakula kisiungue. Ikivuja, supu inashika chini kama kwenye sufuria yoyote. Kwa kiwango rasmi cha mstari wa mbele, watu 80 wanahitaji karibu kilo 11 za nyama yenye mifupa na kilo 26 za viazi. Mkate mmoja wa kilo moja na nusu ni wa watu wawili: mikate 40. Tusisahau viazi na ng'ombe hao walitoka wapi. Sehemu kubwa ilinyang'anywa kwa wakulima wa Ukraine, Belarusi na Urusi, na utaratibu mzuri wa Spieß uliutumikia uporaji huo.

Saa 1 usiku. Giza limeshaingia, na gari la farasi linaondoka na risasi, barua na chakula. Supu imo kwenye madebe ya lita 12 yanayohifadhi joto, ambayo watu huyabeba mgongoni hatua ya mwisho. Madebe saba yanatosha. Kifuniko kisipobana, chakula kinafika baridi. Njia na saa zikiwa zilezile kila usiku, mizinga ya adui huzizoea. Spieß mwenye akili huzibadilisha. Mwenye akili zaidi huenda mwenyewe, kwa sababu askari wa handakini hawamwamini mtu wa nyuma ambaye hawajawahi kumwona akiwa na matope.

Askari wakikwama bila chakula, kuna akiba ya kila mmoja: biskuti ngumu na kopo la nyama. Ni mwiko kuigusa bila amri. Wengi waliigusa, na Spieß aliyeikagua mara kwa mara ndiye aliyejua mapema nani atalala njaa.

Saa 6 usiku. Gari linarudi na madebe matupu, majeruhi na karatasi mpya. Karani anaamshwa, majina yanafutwa na kuongezwa, kabla tarishi hajaondoka kwenda batalioni. Tarishi akiondoka na hesabu ya jana, kosa litaonekana kwenye gari la mikate.